Tahariri: Biashara isiyoshika funguo za kompyuta yake

Katika miji mingi ya Congo si ajabu kukuta duka kubwa la dawa, depo ya vinywaji au koperative ya akiba inaendesha kazi yake yote kwa programu iliyoandikwa miaka kumi na tano au ishirini iliyopita. Programu hiyo inakaa ndani ya kompyuta moja, katika pembe ya ofisi. Fundi aliyeiandika alihama, au alifariki, au hapokei tena simu. Hakuna mwenye neno la siri, hakuna mwenye msimbo wake, yaani maandishi yale fundi aliyoyaandika ili programu ifanye kazi, na hakuna anayethubutu kuigusa. Umeme wa SNEL ukikatika ghafla, kila mtu anangoja kwa hofu kuona kama mashine itawaka tena.

Hofu hiyo ina sababu. Ndani ya mashine ile kuna deni la kila mteja, stoki ya kila dawa, akiba ya kila mwanachama. Ikiharibika, kinachopotea si mashine tu, bali ni ushahidi wa nani anamdai nani. Mama aliyeweka akiba yake kidogo kidogo kwa miaka mitano anabaki na kijitabu mkononi, na koperative haina kitu cha kulinganisha nacho.

Wenye biashara wengi hufuata moja kati ya njia mbili, na zote mbili ni za hatari.

Njia ya kwanza ni kuacha mambo jinsi yalivyo. Hata nchi tajiri zimelipa gharama ya uzembe huo. Mwezi wa Aprili 2020, maelfu ya watu walipopoteza kazi kwa sababu ya Covid-19, gavana wa jimbo la New Jersey nchini Marekani, Phil Murphy, aliomba hadharani watu wa kujitolea wanaojua COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959. Mifumo ya jimbo lake ilikuwa na zaidi ya miaka 40. Wasio na kazi walikuwa wakingoja msaada, na waliojua kuitengeneza mifumo hiyo walikuwa wachache.

Hapa kwetu mashine inazeeka, na sheria nazo zinabadilika. RDC iliingia OHADA tarehe 12 Septemba 2012, na mfumo wa uhasibu wa SYSCOHADA uliorekebishwa ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Programu ambayo hakuna awezaye kuifungua haiwezi kufuata mpangilio mpya wa hesabu. Matokeo yake ni muhasibu kunakili tarakimu kwa mkono kutoka kwenye skrini hadi kwenye karatasi, na kila anaponakili anaweza kukosea. Tena, tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10. Kompyuta ambayo haipati tena marekebisho ya usalama ni nyumba ambayo mlango wake haufungwi.

Njia ya pili ni kutupa kila kitu na kuhamia mfumo mpya kwa siku moja. Benki ya TSB ya Uingereza ilifanya hivyo mwezi wa Aprili 2018, ilipohamisha wateja wake wapatao milioni 5 kwenye mfumo mwingine mwishoni mwa juma moja. Wateja wapatao milioni 1.9 walishindwa kufikia akaunti zao. Mkurugenzi wake mkuu aliacha kazi mwaka huo huo, na mwaka 2022 wasimamizi wa benki waliitoza TSB faini ya zaidi ya pauni milioni 48. Kama benki yenye fedha na wataalamu iliweza kuanguka hivyo, koperative ya mtaani itasimama vipi?

Ipo njia ya tatu, nayo haidai mamilioni ya dola. Ni kuhama polepole, kwa kutumia programu huria: zile ambazo msimbo wake uko wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuutumia bila kununua leseni.

Hatua ya kwanza ni kuokoa data kabla ya kugusa kitu kingine. Faili nyingi za zamani za dBase zinafunguka ndani ya LibreOffice, na zile za Access zinasomeka kwa chombo kinachoitwa mdbtools. Data zikishatoka, zihifadhiwe katika hifadhidata huria kama PostgreSQL, na nakala moja ikae mbali na ofisi. Kazi hiyo pekee tayari inaondoa nusu ya hatari.

Hatua ya pili ni kuiondoa programu ya zamani kwenye mashine iliyochoka. Chombo huria kama QEMU kinaweza kuigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine, na programu ya kale ikaendelea kufanya kazi bila kujua kwamba imehamishwa. Kwa zile za enzi ya DOS ipo FreeDOS, iliyoanzishwa mwaka 1994. Hatua hii haiponyi ugonjwa, lakini inatoa muda wa kutafuta dawa.

Hatua ya tatu ni kubadilisha sehemu moja moja: kwanza stoki, halafu faktura, halafu uhasibu. Dolibarr, iliyoanzia Ufaransa, na toleo huria la Odoo, iliyoanzia Ubelgiji, zote zinazungumza Kifaransa, na Odoo ina mpangilio wa hesabu wa SYSCOHADA. Koperative za akiba na mikopo zina Apache Fineract, iliyotokana na mradi wa Mifos wa shirika la Grameen Foundation na kutengenezwa kwa ajili ya huduma za fedha kwa watu wa kipato kidogo. Kila sehemu mpya itembee sambamba na ya zamani hadi hesabu za pande zote mbili zilingane. Hapo tu ndipo ya zamani izimwe.

Wapo watakaosema kwamba kitu cha bure hakina mwenyewe. Wana haki kwa sehemu. Programu huria haina leseni ya kulipia, lakini ina kazi ya kulipia. Mwaka 2017 kampuni ya Marekani ya Equifax iliibiwa data za watu wapatao milioni 147 kupitia kasoro ya Apache Struts, programu huria. Marekebisho ya kasoro hiyo yalikuwa yametolewa mwezi wa Machi, kabla wezi hawajaanza kuiba mwezi wa Mei. Marekebisho yalikuwepo bure, ila kampuni haikuyaweka mahali pote yalipohitajika. Anayechukua programu huria na kuisahau anarudi palepale alipotoka.

Kwa hiyo fedha ambazo zingekwenda nje kununua leseni zinapaswa kulipa watu wa hapa. Vijana wanaosoma informatiki Kinshasa, Lubumbashi, Bukavu na Goma wanahitimu kila mwaka, na wengi wanabaki bila kazi. Mwenye duka awape mkataba wa kila mwezi, si simu ya usiku siku ya balaa. Mkataba huo useme wazi kwamba data, maneno ya siri na msimbo ni mali ya biashara, na kwamba fundi ataandika alichofanya ili anayemfuata akielewe.

Serikali nayo ina sehemu yake. Wizara ya Afya inatumia DHIS2, programu huria iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, kukusanya takwimu za afya. Kinachowezekana katika vituo vya afya hakiwezi kushindikana katika ofisi nyingine za leta. Na tangu Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, kulinda data za watu si hisani tena, ni wajibu wa kisheria. Kila mkataba wa programu unaolipwa kwa fedha za umma ungepaswa kudai kwamba taifa linabaki na msimbo na data, hata muuzaji akifunga mlango.

Kila mwenye biashara anaweza kuanza juma hili kwa kuuliza maswali matatu: nakala ya mwisho ya data iko wapi? Nani ana neno la siri? Fundi akiondoka kesho, nani ataendelea? Asiyepata jibu hata kwa moja anafanya biashara kwa ruhusa ya mashine yake, na siku ile ambayo mashine itakataa, wa kwanza kuumia watakuwa wale waliomwamini.