Chelo: Sauti ya Kumpumzisha Mfanyakazi

Ndugu msomaji, mapumziko ni haki ya kila afanyaye kazi, lakini haki hiyo aghalabu hupotea njiani, kati ya lango la kiwanda na mlango wa nyumba. Mtu hutoka kazini ambako mashine zimenguruma kutwa, akapanda basi ambalo redio yake imefunguliwa hadi mwisho, kisha akafika nyumbani na kukuta redio ya jirani wa kulia ikishindana na televisheni ya jirani wa kushoto. Mwili wake umekaa kitini, lakini masikio yake yangali kazini. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Binadamu naye ni ngoma ya namna hiyo.

Leo, basi, napenda tuzungumze juu ya ala moja ya muziki ambayo sauti yake imewatuliza watu wengi kwa muda wa karne kadhaa. Ala hiyo ni chelo. Huenda utasema kwamba hujapata kuisikia. Yamkini umekwisha kuisikia mara nyingi bila ya kuijua jina. Katika vikundi vikubwa vya taarabu vya Unguja, kama kile cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, chelo imekuwa ikiketi pamoja na fidla, udi, kanuni, nai na akodiani. Ile sauti nzito na laini inayotembea chini ya fidla, kama mzee anayeitikia mazungumzo ya vijana, ndiyo sauti yake.

NDUGU YA ZEZE

Chelo ni jamaa ya fidla, ila umbo lake ni kubwa zaidi. Kimo chake hukaribia sentimita 120, na kwa sababu hiyo mpigaji hawezi kuiweka begani. Huketi kitini, akaiegemeza kifuani na kuibana kwa magoti, huku mguu wake mmoja wa chuma ukiwa umesimama sakafuni. Uso wake hutengenezwa kwa mbao za miti ya jamii ya msonobari, na mgongo wake kwa mbao ngumu zaidi. Ina nyuzi nne. Zamani nyuzi hizo zilitengenezwa kwa matumbo ya kondoo. Siku hizi nyingi ni za chuma. Mpigaji huzisugua kwa uta uliofungwa nywele za mkia wa farasi, na nywele hizo hupakwa utomvu mkavu ili zishike uzi wala zisiteleze.

Mtu aliyepata kumwona mpiga zeze wa Ugogo hatashangazwa na habari hizi. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuufikisha muziki wa Wagogo katika nchi nyingi za dunia, alikuwa akisugua nyuzi za zeze lake kwa uta vivyo hivyo. Kanuni ni ile ile: uzi husuguliwa, hutetemeka, na kitu chenye uwazi ndani huikuza sauti yake. Umbo ni tofauti, ufundi ni tofauti, lakini ukoo ni mmoja.

Kwa nini basi sauti ya chelo hutuliza? Sababu moja ni kwamba imekaribia mno sauti ya binadamu. Uzi wake mnene hutoa sauti ya chini kama ya mwanamume mwenye koo zito, na uzi wake mwembamba hupanda hadi mahali pa sauti ya mwanamke aimbaye. Sababu ya pili ni uta wenyewe. Kinanda kikigongwa, sauti huanza kufifia papo hapo; lakini uta wa chelo huweza kuivuta sauti moja kwa utaratibu, ikakua, ikapungua, ikageuka, kama pumzi ya mtu aliyelala usingizi mwema. Asikilizaye kwa makini mara nyingi hujikuta pumzi yake mwenyewe imekwisha kupunguza mwendo.

Isidhaniwe kwamba muziki ni dawa ya kila ugonjwa. Mwenye shinikizo la damu hana budi kwenda hospitali, na mwenye deni hatalipiwa na chelo. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa katika hospitali za nchi mbalimbali umeonyesha kwamba wagonjwa wanaosikilizishwa muziki kabla ya kupasuliwa hupungukiwa na wasiwasi. Ikiwa mtu anayengojea kisu hupata nafuu hiyo, yafaa mtu anayengojea usingizi naye ajaribu.

KIBUYU CHENYE UZI MMOJA

Najua kwamba wapo wasomaji watakaouliza: muziki huu si wa mabwana wa Ulaya, wenye majumba na makoti marefu? Una uhusiano gani na mtu wa bandarini au wa kiwanda cha nguo? Swali hili ni la haki, nalo linastahili kujibiwa kwa historia.

Pablo Casals alizaliwa mwaka 1876 katika mji mdogo wa El Vendrell, katika jimbo la Catalonia nchini Hispania. Baba yake alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, mtu asiye na mali. Chombo cha kwanza cha mtoto huyu kilichofanana na chelo kilitengenezwa kwa kibuyu kilichotiwa uzi mmoja. Naam, kibuyu, kama vile ambavyo mama zetu wametilia maziwa! Akiwa na umri wa miaka 11 hivi aliisikia chelo ya kweli kwa mara ya kwanza, na tangu hapo hakutaka kitu kingine. Mama yake alimpeleka Barcelona kusoma, na kijana akawa anapiga muziki katika mkahawa nyakati za jioni ili kujipatia riziki.

Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 13, aliingia na baba yake katika duka la karatasi za muziki zilizokwisha kutumika, karibu na bandari ya Barcelona. Humo akaokota kitabu cha tungo sita za chelo pekee, zilizotungwa na Mjerumani Johann Sebastian Bach, aliyeishi kutoka mwaka 1685 hadi 1750. Yaaminiwa kwamba Bach alizitunga kiasi cha mwaka 1720, alipokuwa mtumishi wa mtawala wa Köthen. Wapigaji wengi wa wakati wa Casals walizihesabu kuwa mazoezi ya vidole tu. Casals alizisoma kwa muda wa miaka 12 hivi kabla ya kuthubutu kupiga hata mmoja mbele ya watu. Kati ya mwaka 1936 na 1939 alizitia zote katika sahani za santuri, na tangu hapo dunia nzima ikazijua.

Sasa zingatia jambo hili, msomaji. Kila utungo katika hizo sita, baada ya dibaji yake, umeundwa kwa mfuatano wa ngoma. Mojawapo huitwa sarabanda. Zamani sarabanda ilikuwa ngoma ya watu wa kawaida, tena yenye kishindo, hata mwaka 1583 ikapigwa marufuku nchini Hispania kwa kudaiwa kwamba inaharibu adabu. Katika mikono ya watunzi waliofuata mwendo wake ulipunguzwa, na Bach akaifanya kuwa sehemu tulivu kuliko zote. Kwa hiyo muziki huu unaodhaniwa kuwa wa kifalme una damu ya wachezaji wa mitaani ndani yake.

TAMASHA LA WAVUJA JASHO

Casals alipokwisha kupata sifa na fedha, alirudi Barcelona na mwaka 1920 akaunda okestra. Lakini aliona kwamba waliojaza ukumbi walikuwa ni wenye mali, ilhali watu wa viwandani hawakuweza kununua tiketi. Mwaka 1926 kikaanzishwa Chama cha Matamasha cha Wafanyakazi. Mwanachama alitakiwa awe ni mtu wa kipato kidogo, na ada yake ilikuwa ndogo vilevile. Matamasha yalifanywa Jumapili asubuhi, na okestra ile ile iliyowapigia matajiri iliwapigia mafundi, makarani na watu wa mashine, bila ya kupunguza ufundi hata chembe. Wanachama wakawa maelfu.

Kazi hiyo ilikatizwa na vita. Jioni ya tarehe 18 Julai 1936, Casals na wenzake walikuwa katika mazoezi ilipoletwa habari kwamba majeshi ya uasi yanatazamiwa kuushambulia mji. Kabla ya kuagana waliupiga utungo wa Beethoven hadi mwisho, kisha kila mmoja akaenda zake. Mwaka 1939 serikali ya Franco iliposhinda, Casals alihamia Prades, kusini mwa Ufaransa, akawa anawasaidia wakimbizi wenzake. Akaapa kutorudi Hispania maadamu utawala ule upo. Baada ya mwaka 1945, alipoona mataifa makubwa yameridhika na Franco, aliacha kupiga muziki hadharani, na kimya chake kikasikika kuliko chelo yake. Alirudi jukwaani mwaka 1950, huko huko Prades, kwa kumbukumbu ya miaka 200 tangu kufariki kwa Bach. Mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 94, aliipigia Umoja wa Mataifa wimbo wa kale wa Kikatalani uitwao Wimbo wa Ndege. Alifariki mwaka 1973 katika kisiwa cha Puerto Rico, na mwaka 1979, Franco akiwa amekwisha kufa, mabaki yake yalirudishwa El Vendrell.

Utulivu wa chelo ya Casals, basi, haukuwa utulivu wa mtu aliyesahau dhiki za wenzake. Alijua kwamba mtu mnyonge ahitaji mkate, na ya kwamba ahitaji pia saa moja ya kuwa mtu na si mkono wa mashine.

PUMZIKO LA NANI?

Hapa hatuna budi kujiuliza swali la nyumbani. Tunaposema familia imepumzika, ni nani hasa aliyepumzika? Katika nyumba nyingi baba hurudi akavua viatu na kuketi, watoto huketi kando yake, na mama, ambaye naye ametoka kazini au sokoni, huingia jikoni na kutoka humo wengine wakiwa wamekwisha kusinzia. Muziki unaosikilizwa na baba sebuleni huku mama akisugua masufuria si mapumziko ya familia. Ni mapumziko ya mtu mmoja yanayolipiwa na mwingine. Kwa hiyo nasihi ya kwanza ya ukurasa huu ni hii: vyombo vioshwe na mikono yote, ndipo chelo ianze.

Huhitaji ukumbi wala vifaa vya gharama. Santuri ya zamani, kanda, redio au simu ya mkononi vyote vyafaa, na chumba kimoja chatosha. Chagua robo saa baada ya chakula cha usiku. Zima televisheni. Sauti iwe ndogo, kiasi cha mtu kuweza kuzungumza bila ya kuipandisha yake; kwani chelo si muziki wa kushindana na jirani, na huenda jirani akavutika kupunguza wake.

Anza na dibaji ya utungo wa kwanza wa Bach, ambayo haizidi dakika tatu. Sauti zake hupanda na kushuka kama mawimbi madogo ya pwani wakati wa maji kujaa. Kisha sikilizeni sarabanda ya utungo huo huo. Baada ya hapo tafuteni Bata-maji, kipande kilichotungwa na Mfaransa Saint-Saëns mwaka 1886. Kimo katika mkusanyiko wa vipande vya mzaha kuhusu wanyama, ambao mtunzi alikataza usichapwe maisha yake yote isipokuwa hicho kimoja tu. Vinanda viwili huigiza maji yanayotikisika, na chelo huwa ndege mweupe apitaye juu yake bila ya haraka. Malizieni na ule Wimbo wa Ndege wa Casals.

Watoto wasilazimishwe kunyamaza kama walio msibani. Wapeni kazi: mmoja asikilize ni wapi uta unageuka, mwingine aseme ameona nini moyoni mwake aliposikia ndege yule akipita. Utashangaa kwa majibu yao. Na ikiwa baba atasinzia kabla ya mwisho, asichekwe. Huo ndio ushahidi kwamba muziki umefanya kazi yake.

Wala hapana sababu ya kuacha muziki wetu. Atakayempenda Bach siku ya Jumapili aweza kabisa kucheza dansi Jumamosi na kusikiliza taarabu Ijumaa. Masikio si kama kibanda cha mlinzi, kwamba mmoja akiingia lazima mwingine atoke. Jaribuni hata kulisikiliza zeze baada ya chelo, mzipambanue sauti za ndugu hawa wawili. Ni somo zuri kwa mzazi na mwana.

Leo ni Jumapili, ndugu msomaji, siku ile ile ambayo wafanyakazi wa Barcelona walikuwa wakivaa nguo zao safi na kwenda kusikiliza muziki ulio wao. Kesho king'ora kitalia na kila mmoja atarudi mahali pake pa kazi. Usiku wa leo ungali wako na wa jamaa yako. Osheni vyombo, punguzeni taa, na mpeni mama kiti kilicho bora.