Kinachokukaba usiku



Huenda yamekukuta. Usiku wa manane unafumbua macho, unaona chumba chako, unasikia mbwa wakibweka nje, lakini mkono hauinuki na sauti haitoki. Kifuani ni kama mtu amekukalia. Unataka kulitaja jina la Yesu, mdomo hautii. Asubuhi unasema umekabwa na jinamizi, na kabla ya chai umeshapata wa kumshuku: mama mkwe, au yule bibi wa nyumba ya pili.

Subiri kwanza. Mungu aliyeuumba mwili aliuwekea kinga: tunapoota, ubongo huilegeza misuli, tusije tukarusha ngumi kitandani. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa, na ndoto ikaendelea mbele ya macho yaliyo wazi. Hali hiyo hudumu sekunde au dakika chache, kisha huachia yenyewe. Humjia zaidi mwenye msongo wa mawazo, asiyelala vya kutosha, na anayelala chali.

Sasa jiulize: wiki uliyokabwa, ulipanda kitandani na nini kichwani? Ada ya shule? Marejesho ya mkopo? Ugonjwa wa mzazi? Mara nyingi kinachotukaba usiku tulikibeba tangu mchana.

Mtazame Elia katika 1 Wafalme 19. Ametoka kushinda Karmeli, mara anamkimbia Yezebeli na kuomba afe. Mungu hakumkemea kwamba imani yake ni haba. Alimwacha alale chini ya mretemu, akamtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, Horebu.

Sisi humwambia anayekabwa kwamba haombi vya kutosha. Basi anaongeza mkesha juu ya mkesha, usingizi unapungua, jinamizi linarudi. Sisemi usiombe. Omba, kisha zima simu, lala kwa ubavu, upate walau saa 7. Mshirikishe mchungaji au rafiki ule mzigo. Hali ikijirudia, au ukiwa unasinzia ghafla mchana, nenda hospitali.

Na yule bibi? Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Usimtwike dhambi iliyozaliwa na uchovu wako. Leo ukitoka ibadani, pita kwake umsalimie.

Jumapili njema.