Unesi si roho ngumu

Kuna kauli moja mitaani inanikera: "Unesi unataka roho ngumu." Kijana akitaja tu kuwa anafikiria kusomea uuguzi, swali la kwanza ni "Damu utaiweza wewe?" Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne, masomo ya sayansi kafaulu vizuri, lakini uuguzi ameshaufuta kwenye orodha yake kwa sababu hiyo moja. Kidonda kinamvuruga tumbo, damu inamtia kizunguzungu.

Mimi nasema hiyo si sababu ya kuacha.

Tuanze na damu. Ukiogopa nyoka, moyo unakwenda mbio. Hofu ya damu ina kituko chake: kwa wengi moyo huanza kwenda mbio, kisha mapigo na presha vinashuka ghafla, ubongo unapungukiwa damu, mtu chini! Huo ni mwili unafanya mambo yake, na mwili unafundishika. Katika miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, na wenzake walionyesha zoezi rahisi. Unakaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka usikie joto usoni, unalegeza kwa sekunde 20 hadi 30, kisha unarudia, jumla mara tano. Presha inapanda na kuzirai kunazuilika. Halafu unajizoeza kidogo kidogo, leo picha, kesho sindano. Anayezirai mara kwa mara amwone daktari kwanza.

Na kinyaa je? Harufu, matapishi, kinyesi? Jamani, nani alizaliwa anavipenda? Mama zetu walifua nepi zetu bila kusomea popote. Nesi ana glavu, ana barakoa, ana maji na sabuni, na zaidi ya yote ana kazi mkononi. Mikono ikishughulika, kinyaa kinakosa nafasi.

Halafu hebu tujiulize. Tunadai roho ngumu, tukifika wodini tunalalamika kuwa manesi hawana huruma. Tulitegemea nini? Anayeshtuka akiona kidonda angalau bado anajua kuwa kile kinauma. Huyo ndiye tunayemfukuza mlangoni, wakati ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema dunia ilipungukiwa wauguzi wapatao milioni 5.8 mwaka 2023, na Afrika ni miongoni mwa kanda zenye pengo kubwa.

Sisemi kila mtu akasomee unesi. Anayefuata mshahara tu abaki nyumbani. Ila tubadilishe swali. Badala ya "damu utaiweza?", tuulize: "Mgonjwa akikuita mara ya tano usiku wa manane, utamjibu vipi?" Hilo halina zoezi la sekunde 15.

Nawasilisha.