Kasi ya Sekunde Mbili Haina Kazi Kitengela

Kauli inayorudiwa vijiweni na mitandaoni, kwamba gari la umeme limeishinda petroli kwa kuwa lile la kifahari huondoka na kufikia kilomita 100 kwa saa katika muda wa sekunde mbili hivi, ni ya kupotosha, na madhara yake yanaonekana wazi zaidi katika Kaunti ya Kajiado.

Ni kweli kwamba mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya mzunguko tangu gurudumu linapoanza kusogea, na kwamba sehemu kubwa ya nishati ya betri hufika magurudumuni, ilhali injini ya petroli hupoteza nishati yake nyingi kwa njia ya joto. Ni kweli pia kwamba takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua, ukiwemo ule wa mitambo ya upepo ya Kipeto, humu humu Kajiado, yenye uwezo wa megawati 100. Hata hivyo, sifa hizo ni za mota na za gridi, wala hakuna hata moja iliyoletwa na kasi. Basi la umeme linazo, na bodaboda ya umeme inazo.

Kinacholetwa na kasi ni betri kubwa na uzito. Tesla Model S, lenye uzito unaozidi tani mbili, hubeba betri ya takriban kilowati-saa 100, yaani kipimo cha nishati inayohifadhiwa, ilhali pikipiki ya umeme inayoundwa Nairobi na kampuni ya Roam hutumia betri ya kilowati-saa tatu hivi. Betri ya tajiri mmoja ingetosha pikipiki 30, na kuwaokoa vijana 30 ambao mapato yao ya kutwa huishia kituo cha mafuta.

Tena kasi hiyo itakimbizwa wapi? Sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa mjini, na jioni katika Barabara ya Namanga, pale mjini Kitengela katika kaunti hii, matatu na malori hubanana hata mtembea kwa miguu akayapita, na mbele kule Isinya ng'ombe huvuka lami kwa mwendo wao wenyewe. Wanaojitetea kwamba mwenye pesa ana haki ya kustarehe husahau kwamba barabara ni ya umma.

Mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme ulipunguzwa kutoka asilimia 20 hadi 10, yakanufaika ya kifahari sawa na ya kawaida. Nafuu hiyo na iwafuate abiria: basi la Kitengela na bodaboda zitangulie, na anayetaka sekunde mbili alipe ushuru kamili.