Dola za mlinda amani: Kabuku tunauliza

Ukishuka basi Kabuku, kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Chalinze, utawakuta vijana wakiuza machungwa na wengine wamekaa kijiweni hawana la kufanya. Wengi wao wameweka macho kwenye kambi ya jirani, Kikosi cha 835 Mgambo JKT. Kijana anajua kwamba akivumilia kwata na jembe anaweza kubahatika kuajiriwa JWTZ. Na akishaajiriwa anaota jambo moja zaidi: kwenda majuu kulinda amani.

Majuu yenyewe, kwa miaka mingi, imekuwa Lebanon. Polisi wetu wa kijeshi wamekaa Naqoura, mji mdogo wa pwani ulio kilomita chache kutoka mpaka wa Israel, ndiko yaliko makao makuu ya UNIFIL, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa 1978.

Msidhani kule ni kula kuku kwa mrija. Tangu vita ya 2006 ilipokwisha hadi Oktoba 2023 hali ilikuwa shwari kiasi, na katika shwari hiyo maisha ya askari kijana ni zamu. Anasimama getini, anakagua mwendo wa magari ya Umoja wa Mataifa, anasindikiza msafara, anaandika ajali. Jioni anafua magwanda, anacheza mpira na askari wa mataifa mengine, anapiga simu kwa mama. Baridi ikija na upepo wa bahari, anakumbuka jua la Handeni. Siku zinafanana mpaka anasahau kama ni Jumanne au Ijumaa.

Kinachomshikilia ni hesabu ya mshiko: bati za nyumba ya mama, ada ya mdogo wake, pikipiki. Na hapo ndipo penye utata.

Katika miaka ya karibuni Umoja wa Mataifa umekuwa ukiilipa serikali inayotoa askari zaidi ya dola 1,400 kwa kila askari kwa mwezi. Vifaa vina malipo yake mbali. Chakula unatoa Umoja wa Mataifa. Askari mwenyewe anapewa nao posho ya dola 1.28 kwa siku, yaani kama dola 38 kwa mwezi. Mengine karibu yote yanapitia serikali yake, nayo ndiyo inayopanga ampe kiasi gani.

Sisemi kuna aliyekula. Najua serikali ina gharama: mishahara inaendelea, mafunzo yanagharimu, na fedha za Umoja wa Mataifa aghalabu huchelewa. Lakini nauliza, ndugu msomaji, mwananchi wa kawaida amewahi kutangaziwa zimeingia dola ngapi na askari amepata ngapi? Ukiuliza unaambiwa ni siri ya jeshi. Siri ya jeshi ni mahali ilipo mizinga. Posho ya koplo inamsaidia adui gani?

Na shwari hudanganya. Oktoba 2024 hata makao makuu ya Naqoura yalishambuliwa. Darfur tulizika saba wa shambulio la Julai 2013, na Desemba 2017 Semuliki, huko Kongo, iliwameza wengine zaidi ya kumi. Aliye tayari kufa kwa bendera mbili, ya taifa na ya Umoja wa Mataifa, anastahili kujua hesabu yake.

Agosti 2025 Baraza la Usalama liliamua kazi ya UNIFIL ikome 31 Desemba 2026. Kabla mlango haujafungwa, Kamati ya Bunge ya Ulinzi iitishe hesabu za miaka yote ya Lebanon, CAG azikague, na jumla itangazwe hadharani.

Tunangoja jibu. Lisipokuja, wakubwa wajue kwamba watakaporudi Kabuku kuomba kura, swali hili watalikuta stendi.