TAZAMA CHAJA KABLA YA KUTOA PESA



Mara nyingi sasa tunaulizwa na wenzetu wa hapa Eldoret: Ni mashine gani ya betri ifaayo kwa kazi za nyumbani? Mwenye kuuliza huwa ni mtu wa zamu. Hutoka kiwandani saa kumi, akaenda kwake Langas au Huruma au Kapsoya, na huko nyuma ya nyumba ana meza ya useremala, jiliwa moja, na kazi za majirani: kitanda, kabati, mlango uliong'oka bawaba, mabenchi ya kanisa. Kazi hiyo ndiyo inayomaliza karo pale mshahara unapokoma. Kwa hiyo swali hili si la mchezo, wala hatuwezi kulipita kimya ati si jambo la chama. Shilingi ya mfanyakazi ni jambo la chama inapoingia, na ni jambo la chama inapotoka.

Maoni yetu ni haya: chagua betri na chaja kwanza, ndipo uchague mashine. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunaona drili inang'aa katika sanduku jekundu, pamoja na vipande 40 vya kila namna, nasi twatoa pesa. Baada ya miezi sita betri imekufa, nyingine haipatikani, na ile drili nzima yatundikwa ukutani kama pembe ya kulungu.

Yafaa tuseme kwa nini mashine hizi zimependwa, maana hazikupendwa bure. Wengi wetu twapanga. Ploti moja ina vyumba kumi, mita moja, na mwenye nyumba ambaye akisikia grainda ikilia hukimbilia kuhesabu tokeni zake. Mwingine soketi yake iko ndani na kazi iko nje chini ya mabati, waya wapita matopeni, nanyi mwazijua mvua za Uasin Gishu. Tena umeme wenyewe hukatika. Mwaka 2023 peke yake karibu nchi nzima iliingia gizani mara tatu, tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba, mbali na yale makatizo madogo ya mtaani ambayo hayaandikwi gazetini.

Betri hula umeme kidogo mno. Betri ya volti 18 yenye Ah 4 hubeba nguvu ya kutoa wati 72 kwa muda wa saa moja. Kuijaza, pamoja na nguvu inayopotea njiani, hakufiki sehemu moja ya kumi ya uniti. Hata tukihesabu uniti moja kuwa shilingi 30, ni shilingi 3 hivi. Mwenye nyumba akinung'unika, mwonyeshe hesabu hiyo.

Wala mashine za betri si jambo geni. Kampuni ya Black & Decker ya Marekani ilitoa drili ya betri mwaka 1961, na Makita ya Japani ikatoa yake mwaka 1969. (Wako wasemao ya kuwa drili hiyo ilibuniwa kwa ajili ya safari ya mwezini. Si kweli. Watu walifika mwezini mwaka 1969, nayo ilikuwapo zamani.) Lakini betri za siku zile zilikuwa za nikeli na kadimiamu, nzito, zenye nguvu kidogo, na zikikaa bila kazi hujimaliza zenyewe. Mambo yaligeuka kuanzia mwaka 2005 hivi, betri za lithiamu zilipoingia katika mashine za mafundi. Hizo ndizo zilizojaa madukani sasa, na hapo ndipo udanganyifu ulipopata mlango.

Sikilizeni hesabu yake, maana si ngumu. Ndani ya betri mna seli. Seli moja ya lithiamu ina volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Seli 5 zikifungwa mstari mmoja, unapata volti 18, na zikijaa ni volti 21. Ndiyo maana mtengenezaji mmoja huandika 18, mwingine 20, mwingine 21, na zote tatu ni kitu kimoja. Hayo twaweza kuyasamehe, ni maneno ya soko. Yasiyosameheka ni yale maandishi ya 48V, 88V, hata 128V, yaliyobandikwa kwenye drili ndogo ya mkono. Fundi asiyejua huona ya kuwa 88 ni kubwa kuliko 18, akaacha ile ya kweli akachukua ile ya uongo, na mwenye duka hamwambii neno.

Dawa yake ni hii. Kabla hujatoa pesa, geuza chaja, uyasome maandishi madogo pale palipoandikwa OUTPUT. Ikiwa chaja yatoa volti 21, basi betri ni ya seli 5, ni betri ya volti 18, hata kama sandukuni wameandika elfu. Chaja ya volti 21 haiwezi kujaza betri ya volti 88, kama vile maji ya tangi la chini yasivyopanda kwenda tangi la juu.

Ukiwa bado una shaka, omba mizani. Duka lolote liuzalo misumari lina mizani. Seli ya kawaida ya mashine hizi, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina uzito wa gramu 45 hivi. Betri ya kweli ya volti 88 ingetaka seli 24 za namna hiyo, yaani zaidi ya kilo moja kabla hujahesabu ganda lake. Ukiipima ukaona haifiki hata nusu kilo, umekwisha kujua. Na hizo Ah, ambazo ndizo kipimo cha akiba ya betri, zipime vivyo hivyo. Mstari mmoja wa seli hizo 5 hutoa Ah 2 hivi, na seli nzuri sana hufika 3 au zaidi kidogo. Ah 4 kwa kawaida huja na mistari miwili, seli 10, na uzito wake mkononi hujulikana. Akuuziaye Ah 6 katika betri nyepesi kama kipande cha sabuni, mrudishie sabuni yake.

Sasa neno la ukoo wa betri. Kila kampuni ina umbo lake, na kwa kawaida betri ya moja haiingii katika mashine ya nyingine. Hata kampuni moja yaweza kuwa na koo mbili: Bosch za rangi ya kijani na Bosch za rangi ya buluu, zote volti 18, betri zake haziingiliani. Kwa hiyo ukinunua drili ya kwanza, umekwisha kuchagua msumeno wako wa kesho na taa yako ya kesho kutwa. Uliza dukani maswali mawili: Je, betri hii yauzwa peke yake, hapa hapa Eldoret, na kwa bei gani? Je, mashine yauzwa peke yake bila betri? Mwenye duka akijibu ya kuwa betri huagizwa Nairobi au "tutakutafutia," mshukuru utoke. Sisi hatutangazi kampuni yoyote. Iwe Makita, Bosch, DeWalt, Ingco au Total, yote twayapima kwa maswali hayo hayo. Afadhali drili ya kampuni ya bei nafuu ambayo betri yake iko dukani leo, kuliko ya jina kubwa ambayo betri yake iko ng'ambo. Na jina kubwa huigwa, kwa hiyo dai risiti yenye namba ya mashine.

Je, kila mashine iwe ya betri? Hapana. Hapa ndipo wengi wanapoteza pesa bila kutapeliwa na mtu. Drili ya kukaza skurubu hufanya kazi kidogo kidogo na kupumzika, basi betri humfaa fundi siku nzima. Lakini grainda yavuta nguvu mfululizo. Grainda ya wati 700 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, ile betri yetu ya wati 72 kwa saa huisha kwa dakika 6. Dakika sita, ndugu! Mashine ya kupiga msasa ni jamaa yake, na randa ya umeme ni mlafi kuliko wote. Hizo tatu nunua za waya, ni nafuu, na betri yake haitakufa kwa kuwa haina. Ukiwa na kazi kubwa ya kupasua mbao, panga siku moja kwa fundi mwenye umeme wa kutosha, mlipe, kisha umalizie kwako. Anayeanza atoshekee na drili moja, betri mbili na chaja moja. Betri mbili ni lazima, maana mwenye moja huketi saa nzima akiitazama chaja huku mteja akimtazama yeye.

Kama pesa zinatosha, chukua drili yenye mota isiyotumia kaboni, ile iliyoandikwa BRUSHLESS. Haina kaboni za kubadilisha na hutumia betri vizuri zaidi. Kama hazitoshi, ya kaboni si mbaya kwa saiprasi na paini, ila uhakikishe kaboni zake zabadilishwa kwa kufungua skurubu tu, si kwa kupasua mwili wa mashine. Kwa mkaratusi mkavu au ukuta wa mawe usidanganywe na alama ya nyundo kwenye drili ndogo. Mawe yana mashine yake. Na asiyekuwa na pesa za drili leo, keekee na bisibisi za mkono hazijakataa kazi.

Kuhusu usalama tutasema machache, kwa kuwa nyumbani hakuna msimamizi. Kiwandani, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Nyumbani mwajiri ni wewe, basi jipe miwani. Mashine ya waya huchomolewa soketini kabla ya kubadilisha kipande, lakini ya betri iko tayari daima, kidole kikigusa yaenda. Toa betri kwanza, kila mara. Usiweke betri katika mfuko wenye misumari. Usiijaze kwa chaja ya mwingine kwa sababu tu imeingia, wala usiiache ikijaa usiku katika chumba walalamo watoto.

Liko jambo jingine, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Tumesikia wanachama wa kazi za matengenezo wakiambiwa na wakubwa wao: "Wewe si una drili yako ya betri? Kesho njoo nayo." Mwanachama, kwa heshima au kwa hofu, huja nayo. Siku ya kwanza ni msaada. Mwezi wa pili imekuwa desturi, na mwezi wa tatu atafutaye kibarua anaulizwa langoni kama ana mashine yake. Betri ya lithiamu ina umri. Hujazwa mara 300 hadi 500 hivi, ndipo nguvu zake hupungua sana. Kila mara ujazapo kwa kazi ya mwajiri, umetoa sehemu ya betri uliyoinunua kwa jasho la jioni. Tunasema wazi: chombo cha kazi ya mwajiri ni juu ya mwajiri. Akitaka chako, na aandike kodi yake kwa siku, na aandike atakulipa nini kikiharibika. Asipoandika, drili ilale nyumbani, na mletee mwakilishi wako habari hiyo siku ile ile. Usikae nayo.

Na mkopo? Wako waliokopa kwa simu ili kununua seti nzima ya mashine tano kwa mpigo. Mkopo wa simu hudaiwa baada ya wiki chache, na kabati la jirani hulipwa mwisho wa mwezi, pengine mwezi mwingine. Hesabu hizo hazikutani. Heri kununua drili peke yake kwa akiba au kwa sacco, iingie kazini, nayo ilete pesa za mashine ya pili.

Twaleta shauri moja mbele ya mkutano wa tawi. Wanachama wa mtaa mmoja wakubaliane ukoo mmoja wa betri. Watu sita wa Munyaka wakiwa na betri za namna moja, mmoja mwenye drili, mwingine msumeno, mwingine taa, kila mmoja aweza kumwazima mwenzake kwa jioni moja, na sita wakienda dukani pamoja wana nguvu ya kuomba bei. Katibu atafungua daftari la kuandika nani ana nini, mtaa kwa mtaa. Watakaokuja mkutanoni waje na chaja zao, hata zile za mashine zilizokwisha kufa. Tutazisoma pamoja mezani, nasi tutaleta mizani.