Raheli Naye Yumo Katika Krismasi

Jumamosi ya Mei 6, 2017, basi dogo la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walipoteza maisha. Walikuwa njiani kwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema na wenzao wa Karatu. Jumatatu taifa likawaaga katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Jumapili iliyofuata, Mei 14, ilikuwa Siku ya Mama Duniani.

Jumatatu ile inakumbukwa. Jumapili ile, sana sana na akina mama wenyewe.

Msiba tunaujua: maturubai, masufuria, kwaya, rambirambi. Matanga yakishaanuliwa, kila mtu kwake. Kisha yanakuja mahafali ya darasa la saba, Kipaimara, na Krismasi, ambapo barabara ya Karatu na Ngorongoro hujaa magari ya wanaorudi nyumbani, na wapo wanaopita Rhotia kimya. Jikoni mama anapima mchele wa pilau kwa vikombe alivyozoea, halafu anarudisha kimoja mfukoni.

Mama huyo asipoonekana ibadani, tunasema amepoa kiroho. Akija akalia, tunamwambia ajikaze, leo ni siku ya furaha, Bwana amezaliwa. (Sijui nani alitufundisha kwamba machozi huchafua sikukuu.)

Si Mathayo. Katika sura ya pili ya Injili yake, mamajusi wakiwa wamekwisha kuondoka, Bethlehemu inalia watoto wake. Hapo mwinjili anamleta Raheli kutoka kitabu cha Yeremia, mama anayekataa kufarijiwa. Hamkemei. Anamwacha alie ndani ya habari ileile ya kuzaliwa kwa Mwokozi.

Wapo watakaosema kuwataja marehemu siku kama hiyo ni kutonesha kidonda. Lakini kwani mfiwa amesahau? Kinachomuuma ni kuona jina la mwanawe linakwepwa kana kwamba ni tusi.

Wazee wa kanisa na viongozi wa jumuiya, mnazijua nyumba zilizozika mwaka huu, na zile zilizozika miaka mitano iliyopita ambazo hakuna anayezipitia tena. Zipitieni kabla ya mkesha. Mkikaribishwa chai, kunyweni. Kisha ulizeni huyo mtoto, au huyo baba, alikuwa akipenda nini siku ya Krismasi, na msitazame saa.